Inashona Nini?

Ni kidogo, hakijazi kiganja,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.
Skrini nyeusi na nyeupe, haina taa ndani,
na ubavuni umetokeza mpini mdogo
wa kuzungusha, kama wa cherehani ya mkono.
Viliundwa elfu tatu dunia nzima
na kimoja kipo Mombasa, Tudor, ghorofa ya pili,
ndani ya soksi.

Miezi saba nilikingoja.
Nilikilipia kabla hakijaundwa,
kama mtu anayemtolea mahari
binti ambaye mamake bado hajaolewa.
Mimi, karani wa forodha, miaka kumi na tisa Kilindini,
nimepitisha matairi, marumaru, mtambo mzima wa kusaga simiti,
nikakwama kwenye kiboksi cha gramu mia mbili.
Niandike nini? Mchezo wa watoto? Tarakilishi?
Badi wa dirisha la tatu akakitikisa sikioni kama nazi:
"Mzee, kina nini humu hata kigharimu hivi?"
Nikacheka. Jibu sikuwa nalo, nilikuwa na risiti.

Bei nisiitaje. Haya, niitaje: thelathini na moja elfu,
na nauli ya ndege, na ushuru, na ushuru wa ule ushuru,
ikapanda hadi arubaini na nane,
na mia mbili za pikipiki kutoka Posta
kwa kuwa nilishindwa kutembea nacho,
mikono ilinitetemeka.

Twalib wangu ana simu yenye gemu mia, za bure,
za magari na bunduki na matangazo ya mikopo.
Alikitazama changu mara moja.
"Baba, mbona hakina rangi?"
Ndiyo. Hakina rangi, hakina mtandao,
hakinipigii kengele, hakiniulizi niko wapi.
Kina kijitu kimoja kinachopanda ngazi
ukizungusha; ukiacha, kinashuka.
Hayo tu. Ndiyo niliyoyanunua: hayo tu.

Gizani hakionekani, na wakati wangu ni usiku,
kwa hiyo saa saba mchana, wenzangu wakienda kula,
mimi napanda paa la ofisi, penye matangi ya maji,
nakitega juani kama anayeanika mchele,
na jua hili ambalo maisha yangu yote nimelikimbia
linakuwa taa yangu.
Shati linalowa hadi mkandani.
Kijitu kinapanda. Ngazi ya mia sijaifikia.

Muhsina aliiona risiti. Hakusema.
Aliiweka chini ya kopo la sukari
siku ile sukari ilipokwisha.

Jumapili nikaenda Kibokoni kwa mama.
Sikukusudia kumwonyesha; kilikuwa mfukoni tu,
kikatoka pamoja na dawa zake za presha.
Macho yake yana ukungu siku hizi.
Akakipapasa, akaufikia mpini,
vidole vikajipanga vyenyewe.
Akazungusha. Si kwa pupa kama mimi.
Mwendo mmoja, mwendo wa kupinda pindo la kanzu.
Kijitu kikapita ngazi ya mia,
kikapita mia mbili, kikaingia mahali sijapata kupaona,
penye kilango na mwezi.
"Inashona nini?" akauliza.

Mashine yake aliiuza nilipoingia kidato cha tatu.
Elfu nne na mia tano, pamoja na meza.
Mnunuzi aliibeba kichwani, na mama akasimama mlangoni
hadi alipokata kona ya kichochoro,
kisha akaingia ndani, akaniambia nivue shati,
kifungo kilikuwa kinaning'inia.

"Haishoni kitu, mama. Ni ya kuchezea."
"Aa," akasema, akaendelea kuzungusha.
Nikasogeza kiti chake dirishani, nikalikunja pazia.

Fundi Shee wa Mwembe Tayari alishanionya:
ukivunjika huo mpini, spea haipo Afrika nzima.
Sikumwambia mama azungushe polepole.